Bi Vizibo na Kasha la Milango Minane

Mwanamke huyu ukikutana naye njiani hutageuza shingo. Mfupi, mnene kiasi, mkoba begani, viatu vya mtu anayesimama kutwa. Lakini ingia kwenye kituo cha redio anakofanya kazi, useme umesikia sauti yake kwenye ngazi, uone watu wanavyojiweka sawa. Mmoja atashusha miguu mezani, mwingine atasogeza kikombe cha chai mbali na mitambo. Bi Vizibo huyo anakuja. Jina hilo walimpa wao wenyewe, wakalitumia kichinichini wakidhani hajui, hadi siku alipopiga simu studio akasema, "Ni mimi, Bi Vizibo, nipe fundi wa zamu." Basi likawa ndilo jina lake, na ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho huenda asigeuke.

Ngoja niwaeleze hicho kizibo ni kitu gani, maana bila hicho hamtamwelewa mama huyu hata tukikesha.

Redio za siku hizi sauti yake haipiti nzima nzima kama maji kwenye bomba. Mashine moja huikata vipande vidogo sana, maelfu kwa maelfu ndani ya sekunde, na mashine nyingine huvipokea na kuviunga tena. Sasa hii ikikata kwa mwendo wake na ile ikapokea kwa mwendo wake, kipande kimoja kitadondoka tu, na msikilizaji huko nyumbani atasikia "tak". Ndiyo maana mashine zote za studio hufuata saa moja, saa isiyo na mishale wala namba, inayopiga kimyakimya ndani ya waya. Kuupeleka mpigo ule kwa kila mashine, ufike wakati mmoja na ufike na nguvu zake, ndiyo kazi aliyoipenda Bi Vizibo kuliko usingizi.

Kwa miaka mingi mpigo ulikwenda kwa kupokezana. Waya ulitoka kwenye saa ukaingia mashine ya kwanza, ukatoka hapo ukaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya nane. Na pale kwenye mashine ya nane, mwisho wa waya, lazima ufungwe kizibo: kifuniko kidogo cha chuma chenye rezista ndani, kinacholimeza wimbi la mpigo likishafika. Usipokifunga, wimbi linagonga mwisho wa waya na kurudi lilikotoka, kama maji ya kwenye beseni ukilitikisa, na mashine inahesabu mpigo mmoja mara mbili. Ukifunga viwili kwenye waya mmoja, nguvu inagawanyika. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja tu: kizibo ni kimoja, na mahali pake ni mashine ya mwisho.

Sheria hiyo Bi Vizibo aliifundisha kama mtu anayefundisha dini. Mafundi wapya aliwabana kwenye korido. "Kizibo kiko wapi?" Mashine ya mwisho. "Vingapi?" Kimoja. Aliwauliza wakila, aliwauliza wakiaga kwenda likizo, na kuna bwana harusi mmoja aliulizwa siku ya harusi yake mwenyewe, akajibu sawasawa, bibi harusi akamkodolea macho. Aliyeishika sheria ile kuliko wote alikuwa fundi mitambo mmoja mtu mzima, ambaye kila kitu alikifanya polepole na sawasawa, wakamwita Mzee Taratibu. Kwa umri angeweza kumzaa Bi Vizibo, lakini alimwita Mwalimu, na hakuwa anatania.

Heshima hiyo hakuiokota. Chuo cha ufundi alikuwa msichana peke yake darasani, na kiungo chake cha kwanza cha solda, ile risasi ya kuungia nyaya, mkufunzi alikiinua juu darasa zima lione, akasema kinafanana na mavi ya kuku. Darasa likacheka. Naye alicheka, kisha akabaki na ile solda hadi viungo vyake vikawa vinang'aa, na mkufunzi yule yule akawa anaviinua juu kwa sababu nyingine. Kazini walimpa kukunja nyaya. Walisema ni kazi ya kufanya usafi, inamfaa mwanamke. Haya, akakunja. Kwa kukunja akaujua kila waya wa jengo lile unatoka wapi unakwenda wapi, na waliompa kazi hiyo wakajikuta hawawezi kuwasha studio asubuhi bila kumpigia simu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nyumbani ana mume fundi cherehani, na ana mama mkwe ambaye macho yamepungua lakini masikio, subhana, yameongezeka. Bibi yule husikiliza redio tangu akiamka. Majirani amewaambia kwamba mkwe wake ndiye anayeishikilia ile redio isianguke. Alikosea kidogo tu.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Mitambo ilizeeka, na ule mpigo wa kupokezana ukawa unafika mashine ya nane hoi. Mashine ya nane ndiyo ya kupokea simu za wasikilizaji, basi kila mtu akipiga simu kusalimia nduguze, "tak" inaingia katikati ya salamu. Mkurugenzi wa kituo, ambaye zamani alikuwa mtangazaji na bado anaongea kama yuko hewani, akapata kampuni ya nje ya kuleta kifaa kipya na kutunza mitambo yote kwa mkataba. Na kampuni ikishatunza kila kitu, karakana ya Bi Vizibo ya nini? Chumba kitakuwa sebule ya wageni. Bi Vizibo atahamishiwa kwenye jenereta.

Aliposikia hilo hakulia wala hakununa. Alipanda ngazi mpaka ofisini, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Mkurugenzi, kifaa hicho naweza kukitengeneza."

"Kukitengeneza wewe mwenyewe?"

"Kwani hao wanaokileta wamekiokota?"

Mkurugenzi akatabasamu, maana ni mtu wa kupenda maneno. Kisha akatoa sharti, na sharti lilikuwa la haki: wiki nzima hewani bila "tak" hata moja. Ikisikika hata moja, mkataba unasainiwa na karakana inafungwa. Bi Vizibo akasema sawa. Akashuka ngazi, akaenda moja kwa moja karakana.

Roho ya kifaa kile ni chipu moja ndogo kuliko ukucha. Inapokea mpigo mmoja, inautia nguvu mpya, inautoa kwenye milango minane kwa wakati mmoja. Kila mashine inapata mlango wake na waya wake, hakuna anayemsubiri jirani amalize. Bi Vizibo aliiagiza, akaichomelea kwenye saketi aliyoichora mwenyewe, akaifunga ndani ya kasha la chuma la amplifaya iliyokwishakufa. Nyaya alikwenda kuzikata nyumbani, kwa sababu aliitaka futi ya mumewe na jicho la mumewe. Zote nane zilitakiwa kuwa na urefu mmoja, hata ya mashine inayopakana na kasha.

"Mke wangu," mume akasema, mkasi mkononi, "huyu wa jirani unampa kitambaa cha bure. Hatua mbili kafika."

"Ndiyo maana nampa. Akifika mapema kuliko wenzake ataharibu."

Mume akapima tena, akakata, akasema kumbe kazi zao zinafanana, mikono ya shati nayo lazima ilingane hata kama mwenye shati kapinda bega. Mama mkwe akauliza wanashona nini. Akaambiwa redio, akasema wamwekee na mfuko.

Jumapili asubuhi kasha likafungwa studio, na kwa kuwa sasa kila waya una mwisho wake, kila mashine ikapewa kizibo chake. Vizibo vinane. Vijana wa zamu walimtazama kwanza wakidhani anawapima imani, akawaeleza, wakaelewa. Mzee Taratibu alikuwa likizo. Kasha likawashwa, na sauti iliyotoka ilikuwa safi mpaka mtangazaji akauliza kama mikrofoni imebadilishwa. Jumatatu safi. Jumanne safi. Bi Vizibo alitembea korido akiwa na mwendo ambao sitaki kusema ni wa maringo, lakini ulikuwa wa maringo. Na kwa nini asiringe? Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda ni yeye.

Jumatano alikuwa mapumziko. Yuko jikoni anamenya viazi, mama mkwe akaita kutoka barazani.

"Mama, redio yako imeanza."

"Imeanza nini, mama?"

"Kudonoa."

Kisu kikabaki hewani. Akatoka, akainama kwenye redio. Tak. Kimya kidogo. Tak, tak. Na haikuwa mashine ya simu peke yake, ilikuwa hata kwenye muziki, hata kwenye sauti ya msomaji wa matangazo ya vifo, mbaya kuliko ilivyokuwa kabla hajaanza. Alivaa viatu bila kunawa mikono, na mama mkwe hakuuliza swali. Alisema tu, "Nenda, viazi nitamenya mimi," naye hajashika kisu miaka.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni mwa studio mikono nyuma.

"Nimesikia," akasema.

"Na mimi nimesikia."

"Watu wa kampuni wanakuja mchana huu na mkataba. Sipendi, lakini tulikubaliana."

"Hawajafika bado," Bi Vizibo akajibu, akampita.

Alifungua kasha. Akagusa chipu kwa ncha ya kidole: vuguvugu, kama inavyotakiwa. Akaleta mashine ya kuonyesha mawimbi, akapima mlango wa kwanza. Mpigo ulikuwa umesimama wima, pembe kali, hauna doa. Wa pili hivyo hivyo. Alipima yote, na yote ilikuwa safi, na hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli, maana kitu kibovu unakitengeneza, lakini kitu kizima kinachokataa kufanya kazi utakifanyaje? Kwa kitambo alijiona yuko kwenye jenereta, amekaa kwenye ndoo, anasikiliza redio ya wenzake ikinguruma kwa kifaa cha wenzake. Wazo hilo lilimuuma mpaka akalikasirikia. Akaung'oa waya wa kupimia, akaenda kupima upande wa pili, kule mpigo unakofika.

Huko palikuwa na vurugu. Mpigo unafika, halafu mwingine juu yake, halafu mwingine mdogo, kama watu wanaosukumana mlangoni. Wimbi lilikuwa linarudi. Na kwa kuwa kasha lake lilikuwa na nguvu kuliko ule mtindo wa zamani, lilikuwa linarudi na nguvu zile zile alizojivunia.

Bi Vizibo alipiga magoti nyuma ya mitambo na tochi mdomoni. Mashine ya kwanza, hakuna kizibo. Ya pili, hakuna. Akatambaa mpaka ya nane, na hapo kilikuwepo kimoja, kimefungwa barabara, tena kimefutwa vumbi.

Alipoinuka alimkuta Mzee Taratibu mbele yake. Amerudi likizo asubuhi ile, shati limepigwa pasi. Mkononi ameshika kisosi cha chai, na ndani ya kisosi vizibo saba vimepangwa duara, vinameremeta.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayetunza siri ya mwenzake, "nimekuhifadhia. Sijui nani kafanya mchezo, nimefika nimekuta wameweka vizibo kila mashine. Kila mashine! Nikasema Mwalimu akiona hivi ataugua. Nikavitoa vyote, nikamwachia wa mwisho chake. Nimevifuta na spiriti."

Jamani. Hasira zilimpanda Bi Vizibo kutoka kwenye nyayo. Ulimi ulimwasha. Alikuwa na maneno saba, moja kwa kila kizibo, na hakuna hata moja linaloandikika. Alifungua mdomo, akamtazama mzee yule na kisosi chake, na maneno yakakataa kutoka. Maana mzee hakuwa amekosea. Angemwamsha usingizini, akamuuliza kizibo kiko wapi, angejibu kama alivyojibu kwa mikono yake. Ni nani aliyemtia maneno hayo kichwani, miaka nenda rudi, kwenye korido na kwenye chai?

"Mzee wangu," akasema, "nipe hicho kisosi."

"Nimekosea?"

"Tufunge kwanza. Shika tochi."

Wakatambaa wote wawili. Bi Vizibo alifunga huku akieleza, tena kwa upole ambao vijana wa zamu hawakuwahi kuusikia: zamani waya ulikuwa mmoja, mwisho ulikuwa mmoja; sasa nyaya ni nane, miisho ni minane. Mzee alisikiliza. Kwenye mashine ya nne akasimamisha tochi.

"Yaani sasa kila mashine ni ya mwisho."

"Kila mashine ni ya mwisho."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu."

Bi Vizibo alikaza kizibo cha nne, akasogea cha tano.

Walipofunga cha saba, studio ilitulia. Hakuna namna nyingine ya kusema. Mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa, na kati ya neno na neno hapakuwa na kitu kabisa. Mkurugenzi alivaa visikilizio, akakaa kwenye kiti cha fundi, akafumba macho kama enzi zake. Alisikiliza hali ya hewa, akasikiliza wimbo mzima, akasikiliza mama mmoja aliyepiga simu kumsalimia kila mtu aliyewahi kumjua. Kisha akavua visikilizio, akaangalia bahasha ya mkataba mezani. Watu wa kampuni walikuwa wamekwishafika, wanakunywa maji mapokezi.

"Nini kilitokea?" akauliza. "Nataka kujua kabla sijaenda kuongea nao. Ni kifaa au ni mtu?"

Hapo studio nzima ikakaza shingo. Swali lilikuwa jepesi kulijibu. Akisema ni mtu, kasha linatoka safi na karakana inabaki, na mtu mwenyewe yuko pale pale, amesimama na kisosi kitupu, mkataba wake wa baada ya kustaafu unahuishwa kila mwaka kwa huruma ya ofisi. Akisema ni kifaa, mzee anabaki salama, na karakana inakuwa sebule.

Mzee Taratibu akasafisha koo. "Mkurugenzi, ni..."

"Ni somo," Bi Vizibo akamkata. Hakumwangalia mzee. Alimwangalia mkurugenzi usoni, mikono kiunoni, vumbi kwenye magoti. "Nilibadilisha mitambo, sikubadilisha somo. Watu wa studio hii nimewafundisha sheria moja, wameishika, na leo mmoja wao ameifuata jinsi ilivyo. Kifaa ni kizima. Watu wangu ni wazima. Somo ndilo lililokuwa limezeeka, na somo ni langu. Kama unasaini huo mkataba, saini kwa sababu yangu, si kwa sababu ya kasha wala ya mtu mwingine."

Mkurugenzi akavisogeza visikilizio pembeni mwa meza.

"Studio ya pili nayo inadonoa," akasema. Alitumia neno lile lile la mama mkwe, sijui nani kamwambia. "Nikiwarudisha hawa watu na karatasi zao, kasha la studio ya pili litachukua muda gani?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Kwenye rafu karakana. Nilitengeneza mawili."

Mkurugenzi alimtazama. "Ulitengeneza la pili kabla la kwanza halijajaribiwa? Na kama lingekataa?"

"Lisingekataa," Bi Vizibo akasema, na hakulitia neno hilo chumvi wala sukari. Mkurugenzi akacheka, kicheko chake cha hewani, akachukua bahasha ya mkataba akaikunja katikati na kuitia mfukoni ikiwa haina saini.

"Basi lifungwe. Na safari hii watu wafundishwe kabla. Utaanza lini?"

"Mimi nitafunga," Bi Vizibo akasema. "Kufundisha atafundisha huyu." Akamwelekezea kidevu Mzee Taratibu. "Huyu akishika somo haliachii hadi umletee jingine. Sina fundi mwingine wa namna hiyo."

Mzee alikiweka kisosi chini taratibu, kama kina kitu ndani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini alinyoosha shati na kusimama wima kuliko alivyosimama asubuhi ile.

"Nitaanza kesho, Mwalimu," akasema. "Leo niko zamu."